Pampu Iliyozibwa Pumzi

Mwezi uliopita, ukingoni mwa Mto Tana, katika kijiji cha Hewani, nilimkuta mzee mmoja amechuchumaa mbele ya injini ya pampu, ya kwanza kuonekana kijijini. Mpunga wake ulikuwa umeanza kugeuka njano kwa kukosa maji. Fundi kutoka Garsen alikuwa na bisibisi mkononi, na majirani walikuwa wamewazunguka.

"Inanguruma kidogo, halafu inakufa," mzee alimweleza. "Nikifungua kifuniko cha tangi la petroli, inavuta pumzi, fyuuu. Nikiiwasha, inakwenda tena."

Basi mimi, mchekeshaji ambaye nikiona watu watano naona jukwaa, nikajishika kifua, nikavuta fyuuu ndefu, nikaanguka mchangani kama injini iliyokata roho. Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Fundi naye alicheka, kisha akaifungua kabureta inayochanganya petroli na hewa, ikakaa vipande vipande siku tatu.

Siku ya nne ndipo alipokitazama kile kifuniko. Kina kitundu cha kuingiza hewa, na mzee alikuwa amekiziba kwa nta ya nyuki, kama anavyoziba ufa wa mtumbwi, ili vumbi lisiingie. Hewa isipoingia, petroli haishuki. Fundi alikizibua kwa mwiba, pampu ikanguruma hadi magharibi. Ila mpunga ulikuwa umekwisha kukauka.

Nilikwenda kumpa pole.

"Wewe unajua kuchekesha, bwana," akaniambia taratibu. "Lakini siku ile nilikuwa bado naeleza."

Nimecheza mbele ya watu wengi, na sijapata kuzomewa kwa upole kama ule.