Chokaa ya Baba Chini ya Kilima

Baba alialikwa kwenda kuliona handaki, akaupokea mwaliko ule kama mtu aliyealikwa harusini.

Aliyemwalika alikuwa fundi wa maboila, mitambo ya kuchemshia maji, katika hospitali ambako baba alifanya kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa. Alikuwa Mwingereza mzee, mrefu, mwenye masikio makubwa, na siku zake za mapumziko hakuzitumia kupanda maua kama wenzake. Alizitumia chini ya ardhi. Yeye na marafiki zake watatu walikuwa wakilitunza handaki moja la reli upande wa kusini wa mto, lililojengwa enzi za yule malkia wao ambaye sanamu zake zimekaa kila pembe ya mji. Treni ziliacha kupita humo zamani sana. Siku moja wakati wa chai akamwambia baba kwamba lazima aje siku moja alione.

Mimi nilikuwa nimesoma shule za London tangu nina miaka minane, na nilijua maneno hayo yana uzito gani. Mwingereza akikwambia lazima uje siku moja, anakuaga. Lakini baba alikuwa mtu wa Unguja. Kwake yeye, mtu mzima akikwambia njoo, usipokwenda umemvunjia heshima.

"Mpigie simu," akaniambia. "Muulize siku gani."

"Baba, alikuwa anasema tu. Wao ndivyo walivyo, they just say it."

"Mtu mzima hasemi tu. Mpigie."

Nikampigia, huku uso ukiniwaka kwa haya. Upande wa pili mzee akacheka kwa furaha, akasema Jumamosi saa nne asubuhi. Baadaye alituambia kwamba kwa miaka yote hiyo amealika watu wasiohesabika, na hakuna aliyewahi kuuliza siku.

Hapana budi niseme kwa nini nilikuwa mimi wa kupiga simu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wao pekee, nachapa barua ofisini kwa mshahara mdogo, lakini kazi yangu ya kweli katika nyumba yetu ya kupanga pale Kilburn ilikuwa kumsemea baba. Kwa daktari nilikwenda mimi. Kwa mwenye nyumba mimi, na kwenye ofisi za serikali mimi. Na nilikuwa na tabia ambayo sikumwambia mtu yeyote: nilikuwa nayapunguza makali maneno yake. Baba akisema, "Mwambie huyu bwana, chumba anachotupa hata kuku hakai," mimi husema kwamba baba anashukuru sana na anauliza kama kuna chumba kingine. Wazungu walikuwa wakitabasamu, baba akitikisa kichwa, tukirudi nyumbani salama. Nilijiona hodari. Nilidhani namlinda.

Kwao baba alikuwa mwashi, mtoto wa mwashi. Nyumba za mji wa Unguja, zile za mawe na chokaa zenye kuta zenye unene wa urefu wa mkono ulionyooshwa, yeye na babu ndio waliokuwa wakizitibu zikiugua. Baada ya Mapinduzi tuliondoka, nami nilikuwa bado mtoto mchanga, tukakaa Mombasa miaka kadhaa kisha tukafika London. Hapa wakamuuliza vyeti. Akawaambia mikono yake ndiyo vyeti. Wakamwambia watu siku hizi wanajengea saruji. Akaenda hospitali kusukuma vitanda, na tangu siku hiyo sikumsikia akiutaja uashi hata mara moja. Mama peke yake ndiye aliyeona.

"Baba yako anapungua humu ndani," aliniambia usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo, akikaanga sambusa. "Kila mwaka anapungua. Mpeleke kwa hao wazee wenziwe. Na usimharakishe."

Basi tukaenda. Baba alivaa suti yake ya Idi, kofia ya viua iliyodariziwa, na viatu alivyovipiga rangi mpaka vikang'aa. Mimi nilibeba kikapu cha sambusa na mkate wa kumimina, na chai ya tangawizi ndani ya chupa, maana huendi kwa watu mikono mitupu. Tulipanda basi, kisha treni, kisha tukapanda kilima kwa miguu katika manyunyu. Wale wazee wanne walikuwa wanatungoja mbele ya mlango wa chuma wenye kutu, wamevaa ovaroli zilizojaa matope. Wakaitazama suti, wakatazamana. Nilitamani ardhi inimeze kabla hata sijaingia ndani yake.

Wakatupatia mabuti, glavu na helmeti. Baba akakataa kuivua kofia yake, akaiweka helmeti juu yake. Ikamkalia kama sufuria iliyopinduliwa. Mlango ukafunguliwa, hewa ya baridi ikatoka, nzito, yenye harufu ya masizi na udongo. Wote wakaingia, baba akabaki nje.

"Hodi," akasema.

Akangoja. Wale wazee wakageuka na kunitazama kwa kuuliza. Nikawaambia kwamba baba anatengeneza kamba za viatu. Mabuti yale hayakuwa na kamba. Baba akapiga bismillahi, akaingia kwa mguu wa kulia.

Sikutegemea kulipenda handaki, nikalipenda. Lilikuwa tao moja refu la matofali lililopotea gizani, na tochi zetu zilipopita juu yake niliona matofali maelfu kwa maelfu yaliyopangwa kwa mkono, safu juu ya safu, na hakuna hata moja lililokaa upande. Maji yalidondoka mahali fulani mbele. Mwenyeji wetu alieleza watu wangapi walichimba na ilichukua muda gani, nami nikamfasiria baba, lakini baba hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama ukutani. Alivua glavu, akapitisha kidole kwenye maungio ya matofali, akasugua ule unga mweupe uliobaki kidoleni, akaunusa.

"Chokaa," akasema taratibu. "Chokaa safi hii. Walijua kazi, mabwana hawa."

Hilo nililifasiri lote, na wazee wakafurahi. Tukaendelea mbele hatua kama hamsini, na hapo ukuta ukabadilika. Maungio yalikuwa ya kijivu, magumu, yamejazwa vizuri na kusawazishwa. Kandokando yake matofali yalikuwa yamebanduka nyuso, vipande vyekundu vimeanguka chini vikafanya rundo. Mwenyeji wetu akaweka mkono ukutani kwa fahari, akasema hapa ndipo walipofanya matengenezo wenyewe, majira mawili ya baridi.

Baba akauangalia ukuta. Akainama, akaokota kipande cha tofali, kikasagika mkononi mwake.

"Mwambie wameliua," akasema.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba baba anastaajabu kwa kazi kubwa waliyoifanya.

Mzee akashukuru. Baba akanitazama kidogo, kisha akaendelea. "Mwambie saruji haipitishi maji. Ukuta huu unataka kupumua. Maji yakikosa pa kutokea yanapita ndani ya tofali, baridi ikija yanalipasua. Kadiri wanavyotengeneza ndivyo wanavyobomoa. Mwambie hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hafanyi hivi."

Nikasema baba anauliza kama kuna shida ya maji hapa.

"Hukumwambia," akasema baba.

"Nimemwambia, baba."

"Mwanangu." Hakupandisha sauti. "Kusema kunanishinda, kusikia hakunishindi. Miaka yote nasikia. Pale kwenye ofisi ya nyumba nilikuacha. Kwa daktari nilikuacha, nikasema mtoto anaona haya, tutafika tu. Hapa sikuachi. Hii kazi yangu."

Nilisimama pale na tochi mkononi, sina pa kuuficha uso. Miaka yote niliyojiona mjanja, yeye ndiye aliyekuwa akinistahi. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona, na haya yenyewe haikuwa ya suti wala kofia. Ilikuwa yangu mwenyewe.

Baba akamgeukia mzee, akaweka kidole juu ya saruji. "This," akasema, "no good."

Kisha akaniambia, "Haya, sasa sema."

Nikasema. Nilianza na lile la kuliua handaki, nikasema habari ya maji na baridi, nikafika mpaka kwenye mwanafunzi wa siku ya kwanza, na sikuondoa kitu. Handaki liliirudisha sauti yangu, kwa hiyo wote tulisikia mara mbili. Nikaongeza kwamba mwanzo sikufasiri sawasawa na kwamba kosa ni langu, si la baba.

Mzee akachukua tochi, akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa zamani, akaumulika. Ulikuwa mzima, haujabanduka popote. Akaja tena kwenye ukuta wao, akaumulika. Alifanya hivyo mara tatu, mwenyewe, na niliona mabega yake yakishuka. Majira mawili ya baridi si kitu kidogo kwa mtu wa umri wake.

"Muulize," akaniambia mwishowe, "tufanye nini?"

Tukakaa kwenye masanduku yaliyopinduliwa, tukafungua kikapu. Wazee walikula sambusa zote na mmoja akaulizia nyingine. Baba aliwafundisha kwa saa nzima: jinsi ya kuing'oa saruji kwa patasi ndogo bila kuliumiza tofali, jinsi ya kuizima kwa maji chokaa itokayo tanuuni na kuiacha shimoni mpaka ilainike kama samli, mchanga kiasi gani, na kuifunika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke upesi. Alichora kwa kidole kwenye matope. Wakati mwingine nilikosa neno la Kiingereza na ilibidi nimuulize, naye akanieleza, na hivyo ndivyo nilivyoujua uashi wa baba yangu, chini ya kilima cha Waingereza, nikiwa mtu mzima tayari. Alisema mengi siku hiyo kuliko niliyomsikia akisema mwaka mzima. Walipokosea alikemea. Nilifasiri hata kemeo. Nilikuwa na raha ambayo sikuitegemea, na nilitamani saa ile isiishe.

Tuliagana kwamba Jumamosi ya pili turudi kuianza kazi, na wiki nzima niliingoja. Nilinunua mabuti yangu mwenyewe sokoni, na kidaftari cha kuandikia maneno ya kiufundi nisije nikamwaibisha tena. Asubuhi nikaamka mapema, nikavaa, nikaingia jikoni. Mama alikuwa peke yake.

"Baba hajaamka?"

"Keshakwenda zake tangu alfajiri."

"Kaenda na nani? Nani atamsemea?"

Mama akanimiminia chai. "Kasema atasema mwenyewe. Kasema wewe umechoka tangu mdogo, leo upumzike."

Niliumia kwanza, siwezi kukataa. Nikakaa na mabuti yangu mapya chini ya meza, nimeshika kikombe, nikimfikiria baba katika treni na suti yake, akiyapanga maneno yake machache ya Kiingereza, makali kama alivyoyataka. Kisha nikavua mabuti, nikarudi kulala mpaka adhuhuri.