Mjane wa Beki Aliye Hai

Mume wangu alikuwa ukuta. Sisemi hivyo kwa kumsifu. Siku hizi sifa zangu naziwekea wanunuzi. Ukuta ndilo jina walilompa: Kibambazi, kwa Kiswahili chetu cha Élisabethville, kwa sababu mpira ukifika kwake ulirudi ulikotoka. Alicheza beki miguu mitupu, vifundo vimefungwa bandeji, miaka kumi na minne katika timu ya Katanga. Kila mwaka mwezi wa saba Warodezia walishuka kwenye treni na viatu vyao vya ngozi, na kila mwaka wakapanda tena na viatu vyao na aibu yao. Wakimpita Kibambazi, walimkuta kipa Liévin. Wakijisahau, Zéphirin alikuwa tayari amefika kwenye goli lao. Watu walisema timu ile imekaa juu ya mafiga matatu.

Mimi nilikuwa figa la nne, lile ambalo chungu hakilihitaji. Nilifua jezi. Nilisugua miguu kwa mawese na pilipili. Miguu ya Adalbert, yaani huyo Kibambazi, niliijua kuliko mama yake aliyeizaa. Mwaka wa 1940 kipande cha reli kilimwangukia goti la kushoto huko karakana, na tangu hapo hakuweza kugeukia kushoto. Basi alisimama upande upande kama kaa, ili kila adui alazimike kumpitia kulia. Watu uwanjani wakasema, "Ona akili ya Kibambazi!" Mimi niliyekuwa nikikanda goti lile nilikaa kimya, nikiona fahari. Mwanamke mjinga huona fahari hata kwa uvimbe wa mumewe.

Nilitoka kwetu Luapula mwaka wa 1931, msichana wa mahari iliyolipwa yote, jembe kwa jembe na kitambaa kwa kitambaa. Nilimzalia Annie, ambaye sasa ameolewa Jadotville. Halafu mwaka wa 1949 Adalbert alinipeleka ofisini kwa wazungu. Alisema ni mambo ya karatasi za nyumba. Karani akauliza kwa Kifaransa, Adalbert akajibu kwa Kifaransa, karani akanitazama. Mimi sikusoma hata siku moja, lakini adabu ninayo: nikatabasamu, nikaitika kwa kichwa mara tatu. Nilidhani wananisifu. Baadaye ndipo nikajua alichosema. Alisema mimi ni ndugu yake wa kijijini niliyekuja kumsaidia kazi za nyumba, na kwamba nakubali kurudi kwetu. Mke aliyeandikwa kwenye karatasi alikuwa Claudine, miaka ishirini na miwili, mwenye cherehani.

Kwetu sikurudi. Nilipanga chumba mtaa wa Kamalondo, nikaanza kuuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, pale bombani na uwanjani siku za mpira. Jezi za timu niliendelea kufua. Niliwaambia watu ni kwa kuipenda Katanga. Jezi yake niliipiga juu ya jiwe kuliko nyingine, lakini niliifua.

Mgeni akiniuliza bombani, "Mama, si weye muke wa Kibambazi?" jirani yangu Martine alinijibia haraka: "Alikuwa." Na mwingine angeongeza: "Hata hakukuwa. Karatasi inasema ni mupishi." Basi miaka mitatu nilitaka kitu kimoja tu, na sioni haya kukisema: mtu mmoja wa upande wa Adalbert asimame mbele ya watu aseme nilikuwa mke. Nilikitaka kuliko nyumba.

Mwaka wa 1952 mafiga yote matatu yakaondoka kwa mara moja. Liévin macho yalififia. Zéphirin alihamia Kamina. Goti la Adalbert lilikataa hata upande wa kulia. Mji mzima ukaingiwa na baridi. Kwenye baa, kanisani, kwenye foleni ya maji, swali lilikuwa moja: je, timu inaweza kuishi bila wao? Vijana walikuwepo, hodari wengine, lakini walivaa zile jezi kama mtu aliyeazimwa koti la marehemu.

Mkuu wa kamati ya timu alikuwa Donat, fundi cherehani, mtu wa Luapula kama sisi. Alinijia nikiwa nachuja munkoyo.

"Mama Annie, timu inakufa."

"Ikufe tu. Miye niko na chungu kwa moto."

"Sikia. Kwetu mukubwa akikufa, jina yake inakufa?"

"Hapana. Banapyanisha mutu."

"Njo ile!" akasema Donat, yaani ndivyo hasa, akajipiga mapajani. "Tutapyanisha batoto!"

Kupyana ni mila yetu. Mkubwa akifa, ukoo humchagua kijana, humpa maji ya kunywa na jina la marehemu, na tangu siku ile yeye ndiye marehemu: watoto wa marehemu humwita baba, na hata wazee humsalimu kwa heshima ile ile. Kamati iliona kwamba Liévin mpya, Zéphirin mpya na Kibambazi mpya wakinyweshwa maji, woga utawatoka. Padri wa michezo walimwambia ni kama kipaimara, mtu kupewa jina la mtakatifu. Padri akafurahi, akatoa mishumaa.

"Lakini ba Adalbert angali hai," nikasema.

"Kwa mupira amekufa."

"Na maji anatoa nani? Kwetu anatoa mujane."

Donat akatazama chini. "Liévin na Zéphirin, bibi zao wamekubali. Claudine amekatala. Anasema hawezi kumuzika bwana yake na bado anakula. Sasa mama, weye njo muke wake wa kweli."

"Nani anasema?"

"Miye Donat nasema."

"Sema tena. Masikio yangu iko inaziba."

Akasema tena. Ningekuwa na akili ningeuliza maswali mengine. Lakini nilikuwa nimepewa mambo mawili kwa siku moja: kuitwa mke, na kumzika Adalbert. Ni wanawake wangapi walioachwa hupata hayo yote? Nilikubali kabla munkoyo haujachujika.

Jumapili baada ya misa, nyuma ya nyumba ya Donat, nilivaa kitambaa changu kizuri na kukaa mkekani. Adalbert hakualikwa, marehemu haalikwi. Kijana aliyechaguliwa aliitwa Mwaba, wa kiwanda cha mbao, mikono mikubwa, sauti ndogo. Nilimpa kikombe, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Kunywa, Kibambazi. Mume wangu amekwenda, mume wangu amerudi." Wanawake wakapiga vigelegele. Nililia hata machozi, na yalikuwa ya raha. Mwaba akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akaniambia, "Aksanti, muke wangu," kwa sababu mila ndiyo inasema hivyo, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Angeweza kuwa mwanangu.

Kesho yake nilifika bombani na chungu kimejaa. Hakuna aliyenunua. Nilidhani munkoyo umechacha, nikauonja: mtamu. Keshokutwa vilevile. Siku ya tatu alikuja Mama Régine, dada mkubwa wa Adalbert, akasimama mbali kidogo na chungu.

"Pole na kilio, mulamu," akasema.

"Kilio gani?"

"Si ulisema bwana yako amekwenda? Mutu mwenye jina yake inapyanwa amekufa. Uliita bwana, ulitoa maji, ulilia. Sasa weye njo mujane. Kifo iko kwa mwili yako. Nani atakunywa kitu ya mukono yako, na bado hatujakuondolea ile kifo?"

Martine, na ndoo yake kichwani, akasema: "Miaka tatu analia aitwe muke. Sasa anaitwa mujane, bado hafurahi!"

Hapo nikakumbuka kile ambacho kila mtoto wa Luapula anakijua, na ambacho mimi, kwa utamu wa kuzika, nilikisahau. Mjane wa kwetu hagusi moto wa wengine wala hatii chumvi, mpaka watu wa ukoo wa marehemu wamfunge ushanga mweupe mkononi na kumwachilia. Ukoo wa Adalbert ulikuwa watu wawili mjini: Régine na Adalbert.

"Basi unifunge leo," nikamwambia.

"Miye mwanamuke peke yangu siwezi. Mwanaume wa ukoo njo anasema maneno. Na mwanaume iko mumoja tu."

Alimwendea kaka yake. Adalbert alikataa, akipiga meza. Alisema hajafa. Alisema akinifunga ushanga atakuwa amekiri mambo mawili: kwamba jina limetoka kwake, na kwamba nilikuwa mke. Kwa wiki mbili nilikunywa munkoyo wangu mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka tumbo likawa ngoma. Nilijikuta nikiomba Mungu mambo ya ajabu: Mwaba ashindwe, jina lirudi kwa mwenyewe, mimi niwe tena yule mwanamke wa "alikuwa". Halafu nilifikiri: akishindwa, basi mume aliyenitupa alikuwa kweli mtu asiye na badala. Akishinda, nimempa miaka kumi na minane mtu ambaye nafasi yake inajazwa na kikombe cha maji. Niliacha kuomba, maana sikujua niombe lipi.

Warodezia wakaja. Nilikaa pembeni ya uwanja na chungu changu ambacho hakuna aliyekikaribia. Nilikuwa na nafasi kubwa kuliko wazungu waliokaa kwenye viti. Adalbert alisimama karibu na bendera ya kona, amevaa kofia. Watu walimpita bila kumsalimu, wala si kwa dharau: hakuna aliyejua marehemu husalimiwaje.

Kipindi cha kwanza kilikuwa msiba. Mwaba alisimama upande upande kama kaa. Kila mpira wa kushoto ulimpita, naye akageukia kulia, mzunguko mzima, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Rodezia wakafunga moja. Watu wakaanza kupiga kelele: "Kibambazi ya matope! Mvua imenyesha!" Niliona Adalbert anacheka chini ya kofia.

Ni kicheko kile. Nisingekiona, labda ningekaa kimya. Nilijua Mwaba anafanya nini: alikuwa amemtazama Adalbert tangu utoto, akajifunza kila kitu, na goti bovu pia. Wakati wa mapumziko niliinuka, mjane na kifo changu mwilini, watu wakanipisha njia kama moto, nikafika mpaka kwa wachezaji.

"Weye! Unageuka kulia sababu gani?"

"Kibambazi anageuka kulia, mama."

"Ile ilikuwa ugonjwa! Goti ilivunjika, miye njo nilikuwa nasugua! Weye goti yako nzima iko ngapi?"

Akayatazama. "Mbili."

"Basi geukia kokote, mupumbavu!"

Donat akajishika kichwa. Maneno yale yakazunguka uwanja upesi kuliko mpira: ile akili ya Kibambazi, miaka yote, ilikuwa goti.

Kipindi cha pili Mwaba alisimama wima. Mpira wa kushoto ulirudi, wa kulia ulirudi. Zéphirin mpya alifunga moja, na karibu na mwisho akafunga la pili, baya, kwa tumbo. Mbili kwa moja. Uwanja mzima uliita "Kibambazi! Kibambazi!", na kila ulipoita niliona ile kofia pale konani inageuka, halafu inarudi mahali pake.

Mpira ulipokwisha, watu wakiwa bado wanashangilia, Mama Régine alikuja akimvuta kaka yake kwa mkono wa shati. Claudine alikuwa nyuma yao. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa ameapa kutompikia mtu ambaye mji mzima unasema amekufa, mpaka jambo hili liishe. Watu wakazunguka chungu changu, kwa mbali.

Régine akatoa uzi wenye ushanga mweupe. Kwa kuwa mwanaume wa ukoo mjini alikuwa huyo mmoja tu, ilibidi marehemu mwenyewe aseme maneno.

"Huyu ni nani?" akamuuliza.

"Mama Annie," akasema Adalbert.

"Sikuulize batoto. Kwako ni nani?"

Adalbert alimtazama Claudine, akatazama watu, akamtazama Mwaba aliyekuwa amebebwa mabegani. Akavua kofia.

"Ni muke wangu," akasema.

"Haisikike!" Martine akapiga kelele kutoka nyuma. Sijui kama alinisaidia au alinicheka. Kwa Martine huwa ni kitu kimoja.

"Ni muke wangu! Wa miaka kumi na munane. Nilitoa mahari, yote. Leo namuachilia."

Ndivyo alivyosema, yote kwa pumzi moja, mlango ukifunguliwa na kufungwa kwa mkono ule ule. Nilikuwa nimengoja miaka mitatu. Nikanyoosha mkono. Uzi ukamponyoka, akajaribu tena, ukamponyoka. Hajawahi kufunga hata bandeji yake mwenyewe.

"Pitisha chini, Baba Annie," nikamwambia polepole, wengine wasisikie. "Sasa vuta."

Akavuta.