Mayai Tisa na Volti Mbili na Nusu

Mama yangu alipokimbia vita Masisi alifika kwangu Keshero, hapa Goma, na kuku mmoja ndani ya kikapu, amemkumbatia juu ya pikipiki njia nzima. Nguo aliacha. Sufuria aliacha. Kuku yule alikuwa wa uzao wa kuku aliopewa na bibi yangu siku ya kuolewa, na mama alisema nguo zinauzwa kila mahali. Kwa jirani kulikuwa na jogoo, basi kuku akaanza kutaga. Siku aliyofikisha mayai tisa, kabla hajaatamia, mbwa wa barabarani aliingia uani akammaliza.

Mama hakulia. Aliyaokota mayai, akayapanga kwenye pumba, akaniangalia. "Ile sanduku yako, ile ilipikaka mayai ya watu, iko wapi?"

Ee, nilitamani ardhi inimeze! Kazi yangu ni kutengeneza simu, na nikipata nafasi najenga vitu vya elektroniki kwa kujifurahisha tu. Miezi michache kabla nilikuwa nimejenga mashine ya kuangulia: sanduku la frigolite, lile jeupe jepesi la wauza samaki wa soko la Kituku, ampuli ya taa ya gari ya kutia joto, na kadi ndogo yenye programu ya kuiwasha na kuizima. Ndani kulikuwa na kipimo cha joto. Kinatoa volti kidogo kufuatana na joto, kadi inazisoma. Kwenye meza yangu ya kazi kilisema kweli tupu. Nyumbani, kwenye batri ya sola, niliua mayai ishirini. Nililaumu kipimo, nikaweka kingine. Nililaumu ampuli. Nililaumu hata mayai, jamani.

Sasa nilikuwa na siku chache tu, maana yai likikaa sana bila joto halitoi kitu. Nikameza kiburi, nikaenda kwa muzee mmoja anayetengeneza televisheni karibu na ziwa. Nilikuwa nikijivuna kwamba nimemzidi, kwa sababu yeye hajui programu.

Alisikiliza yote, akauliza, "Kadi yako ikitaka kujua hizo volti ni ngapi, inazilinganisha na nini?"

"Na volti tano zinazoilisha, papa."

"Na hizo tano zinatoka wapi?"

"Kwa courant ya nyumba, umeme wa batri ya sola."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Courant ya Goma! Mutoto yangu, mimi nimezeeka nayo na sijaijua bado. Unapima nguo na lastiki, halafu unamugombeza mushoni?"

Nikaelewa palepale, na aibu ikanishika. Jua likiwaka, zile tano zilipanda, volti za kipimo zikaonekana chache, kadi ikadhani mayai yana baridi, ikazidi kuyachoma. Jioni taa zikiwashwa, zilishuka, kadi ikadhani mayai yana joto, ikayaacha yapoe. Kipimo nilichokitupa kwa hasira hakikuwa na kosa lolote.

Muzee akavuta katoni ya chargeur za simu zilizokufa, akafungua moja, akatoa kidude cheusi cha miguu mitatu, kidogo kuliko haragwe. "Huyu anashika volti mbili na nusu. Courant ipande, ishuke, yeye hana habari. Kadi ilinganishe na yeye, si na zile tano." Akanionyesha mahali pa kumuunganisha kwenye kadi, tundu nililokuwa naliona kila siku bila kuligusa. Akapima kwa mita yake ya zamani: mbili nukta nne nane. Nikaanza kunung'unika kwamba hazifiki mbili na nusu.

"Andika hiyo hiyo kwenye programu yako," alisema, sasa amekasirika kidogo. "Sikusema anafika. Nimesema anakaa pale pale."

Hakutaka kitu. Namshukuru mpaka leo, na zaidi namshukuru kwa kunicheka, maana angenihurumia nisingejifunza.

Siku mbili nilipima glasi ya maji ndani ya sanduku, nikilinganisha na kipimajoto cha kwapani cha jirani yetu muuguzi. Mchana, digrii thelathini na saba na nusu, joto ambalo mayai yanataka. Jioni, taa zote zikiwaka, thelathini na saba na nusu. Nikachomeka simu tatu na redio kwa makusudi, kuichokoza. Wapi! Nilipiga vigelegele peke yangu, na sioni haya kusema.

Mama aliyaweka mayai kwa mkono wake. Kila mara alikuja kufunua na kugusa. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Nilimgombeza kwamba analitoa joto nje, akanigombeza kwamba nimezaliwa juzi. Siku ya ishirini na moja alitega sikio kwenye sanduku.

"Banasema," alinong'ona.

Vifaranga walitoka saba. Mama alikaa sakafuni akalia kwa sauti, kilio chote alichokuja nacho kutoka Masisi, nami nikalia naye.

Walipokua nilitaka tuwafungie wote uani, nyuma ya uzio mpya. Mama akakataa. Wawili akampelekea muuguzi. Jogoo mmoja na tetea aliye mzuri kuliko wote akawabeba mpaka kwa muzee, mimi nyuma nikinung'unika kwamba kwa shukrani jogoo peke yake angetosha.

"Asante nilishamupa kwa mudomo," mama alisema mbele yake. "Hawa ni wa kutuchungia uzao. Mimi nilikuwa na kuku mumoja, nyumba moja. Mbwa hawezi kuingia nyumba tatu siku moja."

Muzee alimpokea tetea kwa mikono miwili, akauliza anakula nini.