Kisigino cha Mzee Taratibu

Miaka thelathini na moja Mzee Taratibu alipiga kinanda kwenye ukumbi wa kulia chakula wa hoteli, kando ya mlango wa jikoni, na hakuna aliyemsikiliza. Kumsikia walimsikia, lakini kama mtu anavyosikia feni. Siku ya kwanza meneja alimpa sharti moja tu: "Mgeni akifungua mdomo, wewe shusha sauti." Basi akawekewa pedali chini ya mguu wa kulia. Ukikandamiza vidole, sauti inapanda. Ukishusha kisigino, inazama. Kisigino kikaijua kazi kuliko mwenye mguu.

Alipostaafu akasema sasa basi. Atatoa albamu yake mwenyewe, ya jazi laini, nyimbo nane za kutunga kwa kichwa chake, na watu waisikilize wamekaa kitako, midomo wameifunga. Hilo tu ndilo alilobaki akilitaka.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, kuta zimebandikwa magodoro, mpigaji na fundi mitambo wamebanana humo humo. Wimbo wa kwanza ukaenda vizuri mpaka katikati. Fundi akakohoa. Sauti ya kinanda ikazama.

"Mzee, mbona umeshusha?"

"Nimeshusha nini?"

"Sauti. Nilipokohoa tu."

"Wewe kohoa kwako, mimi nipige kwangu!"

Wakarudia. Simu ya fundi ikatetemeka mezani, sauti ikazama. Wakarudia tena. Mke wa Mzee akaingia na kikapu chenye chupa ya chai, akanong'ona "hodi" kwa adabu zote, ikazama. Siku tatu nzima! Mzee akawa anautukana mguu wake mwenyewe, jasho linamtoka.

"Ajabu," mke akasema. "Nyumbani mimi nikiongea mbona hakishuki kitu?"

"Wewe ndiye huna pa kushushia."

Siku ya nne akaichomoa pedali na waya wake, akaitupa ndani ya kikapu cha mkewe, akavua na kiatu. Nyimbo zote nane zikarekodiwa sauti iko juu, fundi akohoe asikohoe.

Albamu ilipotoka, akaita watu nyumbani Jumapili mchana: binti yake, mume wa binti, na baba wa huyo mume. Viti akavipanga mwenyewe, vyote vinatazama redio. Wimbo wa kwanza haujafika hata nusu, mzazi mwenzake akaanza habari za bomba lake la maji lililopasuka. Binti hata hakufikiri. Mkono ukaenda kwenye redio, ukapunguza.

"Nzuri sana, baba," akasema. "Yaani haimsumbui mtu kuongea."

Mzee aliinuka. Akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, akaking'oa, akakitia mfukoni.

"Baba!"

"Bomba la mzazi mwenzangu litasubiri. Zimebaki nyimbo saba na nusu."

Wakanyamaza kama watu waliofumaniwa. Mke akakodolea ukuta macho asije akacheka. Ukapita wa pili, ukapita wa tatu. Mzee amekaa kwenye ncha ya kiti, kisigino kimeinuka, hataki kupitwa na hata noti moja. Ukaja wa nne, ule uliomhangaisha kuutunga miaka sita, na mzazi mwenzake akaanza kukoroma. Mkoromo wa kwanza ulikuwa mdogo. Wa pili ulikuwa wa ng'ombe.

Binti akautazama mfuko wa baba yake. Kitufe kimo, salama. Lakini chini pale, juu ya zulia, kisigino cha kulia kilikuwa kimeanza kushuka, polepole, kwa heshima zote. Mzee akakiona. Akavikanyaga vidole vya mguu ule kwa mguu wa kushoto, kwa nguvu, kama anayekandamiza pedali sauti isizame, akakaa hivyo hivyo, uso umemkunjamana, mpaka wimbo wa nane ukaisha.