Supu Iliyomzika Mume Wangu Sasa Anainywa Mwanangu

Admin, jina langu libaki kwako, maana hapa Mbooni nishapewa jina lingine: mwanamke aliyemuua mumewe. Nina miaka sitini na mbili, mjane tangu miaka ya tisini.

Mume wangu alianza kubanwa na kifua akipanda mlima kutoka shambani. Daktari akatueleza mishipa ya moyo imeziba kwa mafuta. Akampa vidonge, akamkataza nyama nono. Mama mkwe alicheka. Akaleta magome na mizizi, akachemsha kwenye supu ya mbuzi, mafuta yakielea juu, kwa sababu kwetu dawa chungu hunywewa kwa supu. Eti magome yangekula mafuta ya sufuria na ya moyoni pamoja.

Sikuwa na ugomvi na magome. Nilimwomba tu, "Mwaitu," yaani mama, "chemsha na maji." Hapo nikawa adui. Aliwaita mashemeji, akawaambia namwonea mtoto wake wivu wa nyama. Mume wangu akacheka pamoja nao, na kicheko hicho kinaniuma hadi leo. Vidonge akaacha. Siku moja hasira zikanipanda, nikamwaga sufuria nzima, mbwa wakala wakashiba. Wiki hiyo hiyo mume wangu akaanguka kwenye mahindi, hakuamka.

Mama mkwe alisimama kaburini, mbele ya kanisa zima, akaninyooshea kidole.

"Huyu kijana alikuwa anapona. Ni huyu mwanamke alimwaga dawa yake."

Hakuna aliyenitetea, hata mchungaji. Nilifukuzwa siku hiyo, na mwanangu akabaki na nyanyake. Alilelewa akiambiwa mimi ni muuaji. Nikikutana naye sokoni hugeuza uso.

Sasa na yeye kifua kinambana. Hospitali wamemwambia yale yale ya babake. Nyanyake ni mzee wa kitandani, lakini mdomo haujazeeka: anaelekeza tu, na mke wa mwanangu anapika, magome yale yale, mbuzi mnono vile vile. Vidonge viko kwenye kabati, havijafunguliwa.

Jana huyo msichana alinipigia kwa siri, analia. Aliniuliza swali moja.

"Mama, nimwage?"

Nikimwambia amwage, mwanangu akianguka, najua kidole kile kitanyooshewa nani kaburini. Nikimwambia asimwage, namzika mwanangu nikiwa mbali, bila ruhusa ya kurusha hata udongo. Anangoja jibu langu, na supu hupikwa jioni. Nishaurini, nimjibu nini?