Dada Zula Alipomwita Whit kwa Jina Lake

Arzula Tolbert, ambaye kanisani kwetu tulimwita Dada Zula, alikuwa mpishi na yaya wa akina Carmody, familia ya Kizungu, kwa zaidi ya nusu ya maisha yake. Ni yeye aliyemnyonyesha mtoto wao Whit, mwaka ule alipomzika kifungua mimba wake mwenyewe.

Desturi yetu ya Mississippi haikuhitaji kuandikwa: mtoto wa Kizungu akianza kuota ndevu, mwanamke Mweusi aliyemlea huacha kumwita kwa jina tupu, humwita Bwana. Zula alianza asubuhi moja, sahani ya mayai mkononi. Whit aliona haya, akainama. Baadaye wote wawili wakazoea.

Wakati wa maandamano yetu ya kudai haki ya kupiga kura, Whit alikuwa mkuu wa polisi. Lucius, mwana pekee wa Zula aliyebaki hai, alikamatwa penye ngazi za mahakama, na ilisemekana kwamba watakaobaki mahabusu hadi Jumatatu watapelekwa gereza la mashambani, ambako vijana wetu hawakurudi wazima. Zula akaazimia kwenda kumwombea kwa Whit.

"Vaa kofia ya kanisani," jirani yake Velma alimwasa, "lakini ulimi chukua ule wa jikoni kwa akina Carmody."

"Ulimi huo ninao miaka yote, mwenzangu. Umeshaota sugu."

Kituoni, polisi watatu walikuwa wakinywa kahawa. Whit alitoka na funguo mkononi, akamsikiliza hadi mwisho.

"Mtoto wa Zula si mkorofi," aliwaambia wenzake. "Amepotoshwa tu na wachungaji wa mjini. Ngoja nimtoe."

Hapo akashikwa na kikohozi, kile kikavu cha utotoni, kilichokuwa kikimkesheza Zula akimsugua kifua kwa mafuta ya nguruwe na tapentaini.

"Whit, mwanangu," alisema, "bado kifua hicho?"

Vikombe vilisimama hewani.

"Loo, Mkuu!" polisi mmoja akaangua kicheko. "Kumbe una mama Mweusi! Basi huyo mahabusu ni mdogo wako?"

Shingo ya Whit iliiva. "Unasema na nani, Zula?"

"Na Bwana Whit. Nisamehe, Bwana Whit."

"Nenda nyumbani." Akazitundika funguo ukutani.

Jumatatu Lucius alipelekwa. Kabla pamba haijavunwa walimrudisha ndani ya sanduku, wakasema ni joto.

"Si ulimi wako uliomuua," Velma alimwambia matangani, akimbembeleza ale walau kiazi kitamu.

"Najua. Lakini alikuwa anakohoa, Velma."

Majira ya baridi yalipoingia, Zula alishika nafasi ya mwanawe katika mstari wa waandamanaji. Whit alishuka garini, akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, kwa jina ambalo Wazungu huwaitia wanawake wetu waliozeeka ili wasiwaite Bibi, "Shangazi Zula, rudi nyumbani. Baridi hii itakuumiza."

Zula alimtazama usoni. Alifungua kinywa amjibu, asipate jina la kumwitia. Basi akaushika mkono wa mwandamanaji wa kando yake, na mstari ukasonga mbele kuelekea mahakamani.