Kutu Chini ya Rangi

Kijiko kinagonga ukingo wa kikombe mara moja, kisha kinanyamaza. Ni saa kumi na moja alfajiri. Mke wa Msasa anakoroga chai polepole ili asiwaamshe watoto.

Anamsogezea mumewe taa usoni. "Tazama juu." Anamvuta kope ya chini kwa kidole gumba, anachungulia. "Leo macho ni meupe."

"Unanikagua kama gari la mtumba," Msasa anacheka.

"Ungekuwa gari, ningeshakurudisha kwa aliyeniuzia."

Msasa, mwenye miaka arobaini na sita, ni fundi wa bodi za magari. Gereji ndiyo iliyompa jina hilo, maana hakubali rangi iguse bati kabla hajalisugua mpaka kutu yote iishe.

Gereji hiyo ina desturi yake. Gari likitoka linang'aa, mwenyewe huleta kreti ya bia. Wanaita kulowesha rangi. Magari hayakukosekana, na kwa miaka mingi Msasa alilowesha karibu kila siku.

"Nilikuwa na ujanja wangu," anamsimulia mwandishi anayeshinda naye leo, huku akisugua mlango wa gari dogo la buluu. "Nakunywa maziwa kwanza. Najua nimelipaka ini praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga bati, bia itapita juu kwa juu."

Mwaka jana macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji. Kliniki ikamkuta na ini lenye makovu.

Muuguzi aliyempokea hakumkemea. Alivuta kiti, akakaa naye. Alimweleza kwamba ini linapovunja pombe, kwanza huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ndipo huivunja tena isidhuru. Katika kazi hiyo huzaliwa chembe kali za oksijeni zinazoshambulia seli za ini lenyewe. Mwili una kinga ya kuzizima, lakini pombe ikizidi, kinga huelemewa. Uvimbe hufuata, kisha makovu, hata saratani.

"Nikamuuliza, dada, hiyo si kutu? Akasema si kutu yenyewe, ila ni ndugu yake." Msasa anapuliza vumbi mlangoni. "Niliona aibu. Bati la watu silipaki rangi juu ya kutu. La kwangu nililipaka."

Aliacha pombe chini ya uangalizi wa kliniki, kwa kuwa kuacha ghafla peke yake kungeweza kumdhuru. Sasa ni miezi saba. Picha ya ini atakayopigwa wiki ijayo itaonyesha kama makovu yamesimama au yanaendelea.

Mchana gari la buluu linatoka, kreti inaingia. Mpiga rangi wa gereji, mnywaji na mtani mkubwa, anawahi glasi ya Msasa na kuijaza soda. Kisha anabeba kreti.

"Walevi wote nyuma ya lori!" anatangaza. "Mzee wa soda aachiwe hewa safi."

"Nendeni, mnanuka," Msasa anajibu, lakini macho yake yanawasindikiza kwa upendo.

Akijaliwa afya, anataka kuwaomba wateja walete chakula badala ya bia, ili gereji nzima iwe inakula pamoja.

Jioni, mlangoni kwake, anamshika mwandishi mkono na hauachii upesi.

"Njoo tena wiki ijayo, mama. Majibu yakiwa mazuri, njoo tucheke." Anamtazama mkewe. "Yakiwa mabaya, njoo vilevile. Asikae na mimi peke yake."